Mkalimani wa Gradi

Baba yake Wivine Ngalula alitoka Musumba akiwa kijana, akaja Kolwezi kuwa karani wa stoo mgodini. Miaka thelathini aliyokaa kwenye kiti kile ilimfundisha jambo moja, kwamba wakubwa humwita kwanza yule anayewaelewa. Binti yake alipomaliza sekondari, malori mengi yaliyopita barabarani yalikuwa yameanza kuandikwa Kichina milangoni. Shangazi zake Wivine walitaka asome sheria. Baba akamwambia aombe nafasi ya masomo ya China, naye akaipata.

Alikaa huko miaka mingi. Alikuwa na sikio. Angeweza kumsikiliza mama wa sokoni akibishana juu ya bei ya kabichi na kujua ametoka mkoa gani. Lakini kazi aliyoipata baada ya masomo ilikuwa ya kukaa chumbani na kutafsiri maelezo ya mashine, wiki nzima bila mtu kumwita kwa jina. Alikuwa na miaka thelathini na moja siku wakala mmoja wa wachezaji alipompigia simu kumuuliza kama anajua Kiswahili cha Katanga.

"Ni cha nyumbani kwetu," Wivine alijibu.

Klabu moja ya ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu, katika mji wa viwanda huko kaskazini, ilikuwa imemsajili Mkongomani wa mita mbili na sentimita nane. Jina lake Gradi Kabeya. Kifaransa alikijua cha shule, Kiingereza hakikumkaa, na mkalimani wa kwanza aliyepewa hakuelewana naye, kwa kuwa Gradi akichoka au akikasirika alirudi kwenye Kiswahili bila kujijua. Wakala alisema kijana anatoka mahali panapoitwa Musonoi, akalitamka jina hilo vibaya. Wivine alicheka. Musonoi na nyumba aliyozaliwa yeye ni mwendo mfupi wa teksi-moto, pikipiki ya abiria.

Msimu ulianza Oktoba. Michezo ilikuwa mingi kuliko Wivine alivyowahi kufikiri, kama hamsini kabla ya mtoano, leo hapa, keshokutwa mji ulio mbali kama Kolwezi na Kinshasa. Alijifunza majina ya mbinu, alijifunza kukimbia kutoka benchi hadi duara la wachezaji kocha alipoomba mapumziko, na kumwambia Gradi kwa sekunde ishirini kile ambacho kocha alikuwa amekisema kwa arobaini. Gradi alikuwa mwepesi kwa urefu wake. Alidaka mipira iliyoruka kutoka kwenye ubao kama mtu anayechuma matunda, na kufikia Desemba watoto wa mji ule walikuwa wanamngojea kwenye lango la uwanja wakiwa na kofia zao za manyoya.

Kolwezi nayo iliangalia. Mchezo ulioanza jioni China ulifika kwetu saa saba na nusu mchana, na mama yake Gradi, Mama Godelieve, alikuwa anafunga kibanda chake cha unga ili akae na majirani mbele ya simu moja. Kamera ilipomwonyesha kocha, ilimwonyesha na Wivine nyuma yake katika koti jeusi la timu. Watu walimpiga picha kwenye simu zao wakamtumia. Baba yake alichapisha moja, akaiweka kwenye fremu sebuleni. Wivine aliniambia baadaye kwamba picha ile ndiyo iliyomharibu. Sijui kama ni kweli, lakini ndivyo anavyoliona yeye.

Jumapili alipika bukari, ugali wa kwao, kwa unga wa mahindi alioutafuta nusu ya mji, na Gradi akaja kula. Alimwita yaya, kama anavyomwita dada yake wa kwanza. Walizungumza habari za mitaa, nani ameoa, nani amekwenda kuchimba wapi. Katika mji ule mzima hakukuwa na mtu mwingine ambaye wangeweza kumwambia neno "Musonoi" na akapaona mahali penyewe.

Goti la kulia la Gradi lilianza kumsumbua Januari. Alikwenda na Wivine kwa daktari wa timu, mwanamke mpole aitwaye Xu, ambaye alimlaza kitandani, akalikunja na kulikunjua goti, kisha akauliza maswali kwa utaratibu. Linauma wakati gani? Limewahi kukwama?

Gradi alimgeukia Wivine. "Mwambie asubuhi inafungaka, hainyooke. Nikishuka ngazi nasikia kitu inakwaruza mule ndani. Juzi ilikwama kabisa, nilikamata ukuta."

Siku mbili kabla ya hapo, meneja wa timu, Bwana Tang, alikuwa amekaa na Wivine kwenye meza ya chakula. Hakumtisha. Alimmenyea chungwa. Alisema klabu inapigania nafasi ya mtoano, na kwamba nafasi za wachezaji wa kigeni ni chache, na kwamba yuko mchezaji kutoka Ulaya ambaye anangoja simu tu. Mgeni asiyeweza kucheza hubadilishwa. Na mkalimani wa Kiswahili, bila Mswahili, hana la kufanya. Kisha akalisifu koti lake.

Wivine alimtazama daktari Xu akasema kwa Kichina, "Anasema asubuhi linakuwa gumu kidogo kwa sababu ya baridi. Akipasha mwili linaachia."

Daktari aliuliza tena kama limewahi kukwama. Wivine akasema hapana.

Daktari aliandika. Akatoa dawa ya kuchua na utepe wa kufungia, akasema kama kuna badiliko lolote arudi mara moja, kwa kuwa goti linalokwama ni jambo jingine kabisa.

"Amesema nini, yaya?"

"Anasema ni baridi. Uchue hii jioni na asubuhi. Itapita."

Gradi aliitikia kwa kichwa. Alimwamini, na angemwaminije mtu mwingine, kama maneno yote ya nchi ile yalipita kinywani mwa Wivine kabla ya kumfikia?

Kosa la mara moja huenda angelirekebisha. Lakini walirudi kwa daktari mara mbili zaidi, baada ya sikukuu ya mwaka mpya wa Wachina na mwanzoni mwa Machi, na mara zote mbili Wivine alifanya vilevile, akipunguza huku na kupunguza kule. Alijiambia anamlinda Gradi asirudishwe nyumbani. Alijiambia msimu umebaki wiki chache, atapumzika mwezi wa tano. Timu ilikuwa inashinda. Usiku wa ushindi wa nane mfululizo mashabiki waliimba jina la Gradi, na mmoja akamwomba Wivine naye asaini skafu yake.

Katikati ya Machi walicheza na timu ya kusini. Robo ya tatu Gradi aliruka kudaka mpira, akaudaka vizuri tu, akatua. Hakuna aliyemgusa. Wivine alikuwa wa kwanza kufika, kabla ya daktari Xu, kwa sababu alikuwa ameshasimama. Aliliona goti likienda upande ambao goti haliendi. Gradi hakulia. Alishika mkono wa Wivine na kurudia neno moja, "Mama, mama," kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwita mzazi wake aliye chumba cha pili.

Walimpasua. Baada ya siku tatu daktari wa upasuaji alikuja na picha za goti, akamweleza Gradi mambo mengi, na Wivine akayatafsiri moja baada ya moja, safari hii bila kupunguza, isipokuwa sentensi moja. Daktari alisema, "Nyama laini ya ndani ilikuwa imechanika tangu muda mrefu, pengine Januari. Angepumzishwa wakati ule, wiki sita au nane zingetosha." Sentensi hiyo Wivine aliimeza.

Klabu ilifika mtoano bila Gradi, ikatolewa mapema. Daktari Xu alihamishiwa timu ya vijana. Watu walisema hakuwa makini. Wivine alimwona siku ya mwisho akibeba masanduku yake kwenye ngazi, akamsaidia kubeba moja. Hakumwambia kitu.

Gradi alirudi Musonoi mwezi wa saba. Mguu ulipona kiasi cha kutembea. Kucheza, hapana. Wivine naye alirudi Kolwezi mwaka huohuo, akapata kazi ya ukalimani kwenye kiwanda kimoja cha kusafisha shaba nje ya mji. Kwa karibu miaka miwili hakukanyaga Musonoi. Kama teksi-moto aliyopanda ilitaka kupita huko, alisema wazunguke.

Ndipo asubuhi moja ya mwezi wa nane alitumwa kwenye mizani ya malori, mahali yanapopimwa kabla ya kutoka na mzigo, kwa kuwa dereva na msimamizi Mchina walikuwa hawaelewani. Ndani ya kibanda, nyuma ya kompyuta, magoti yake yamebanwa na meza iliyokuwa fupi mno kwake, alikaa Gradi. Alikuwa ameajiriwa wiki ile.

Aliinuka. Alimsalimu kwa furaha isiyo na doa, akamkumbatia, akamwuliza habari za baba yake. Wivine akauliza habari za Mama Godelieve.

"Mama eko. Lakini amekonda," Gradi alisema. "Tulizika mujomba Ruffin, mwezi wa sita. Kule Kisenge. Mama hakuenda."

"Juu ya nini hakuenda? Si ni mudogo wake?"

Gradi alitazama dirishani. Alieleza polepole, kama mtu anayesimulia jambo ambalo halimpendezi. Mjomba Ruffin alikuwa fundi wa mashine kwenye migodi ya manganizi, naye ndiye aliyemnunulia viatu vya kwanza vya kuchezea. Siku ya kumuaga kwenda China alikuja Kolwezi, na mbele ya familia nzima alipiga magoti, akamshika Gradi magoti yote mawili, akayasugua kwa viganja, akayaombea safari. Watu walifurahi siku ile. Goti lilipovunjika bila kuguswa na mtu, Mama Godelieve alikumbuka viganja vile. Kwenye chumba cha maombi alikokwenda kulia walimwambia atafute aliyeligusa goti kabla ya safari. Hakuhitaji kutafuta.

"Alimwita mulozi, muchawi," Gradi alisema. "Ndugu yake wa tumbo moja. Mujomba alikuja mara moja na mufuko wa muhogo. Mama hakufungua mlango. Alikaa pale inje mpaka mangaribi, akaacha muhogo, akarudi Kisenge."

"Na wewe?"

"Mi nilimwambia mama hapana. Lakini nitasema nini? Hata mi sijue juu ya nini goti ilivunjika."

Dereva wa lori alipiga honi. Wivine alimaliza kazi aliyotumwa, alisema kila neno la dereva na kila neno la msimamizi, na akarudi ofisini akakaa kwenye choo cha wanawake hadi mtu alipogonga.

Jumapili hiyo alikwenda Musonoi. Alimkuta Gradi uani akirekebisha redio, na kwa kuwa alijua akianza na salamu hataweza, alisema akiwa bado amesimama.

"Gradi, daktari Xu hakusema ni baridi. Mi mwenyewe njo nilisema. Alikuuliza kama goti inakwama, nikamwambia hapana."

Gradi aliweka bisibisi chini. "Mara moja?"

"Mara tatu."

"Na yule wa kupasua?"

"Alisema ungepumzika Januari, ungepona. Sikukuambia."

Wivine alikuwa amejiandaa kwa hasira. Kilichokuja hakikuwa hasira.

"Nilikuambia bitu byote," Gradi alisema. "Kila kitu ya mwili yangu nilikuambia wewe." Kisha akasimama, akiegemea ukuta kidogo kama afanyavyo sasa. "Mambo yangu tuache kwanza. Mama eko ndani. Umwambie wewe. Mi nikimwambia atasema namutetea mujomba."

Mama Godelieve alikuwa anachambua majani ya muhogo ya kupika sombe. Alimwonyesha Wivine kiti. Alimjua, alikuwa amemwona kwenye simu mchana mwingi wa msimu ule, akamwombea pamoja na mwanawe. Wivine alimweleza yote kuanzia mwanzo, na Mama Godelieve aliendelea kuchambua majani, hadi Wivine alipofika kwenye neno "hapana" alilomwambia daktari. Mikono yake ikasimama.

"Rudilia," alisema.

Wivine akarudia.

"Balikupa nini, juu ya kusema vile?"

"Hawakunipa kitu, mama. Nilitaka kubaki."

"Kubaki." Mama Godelieve alilisema neno hilo kama anayeonja chakula kilichochacha. Akatazama mikono yake. "Ruffin alikaa pale kwa mlango yangu. Mi nilikuwa ndani, nasikia anakohoa. Nilisema akohoe."

Gradi alisogea amshike bega, mama yake akauondoa mkono. Hakumtukana Wivine. Alisema tu, "Utanipeleka Kisenge. Wewe, si Gradi. Utasema mbele ya mukewe namna umesema hapa."

Walikwenda wiki iliyofuata, kiangazi, kwenye gari la abiria lililopakiwa mafuta ya kupikia na magodoro, kupitia Mutshatsha na Kasaji. Njia iliwatafuna siku mbili. Mama Godelieve alikaa kando ya dirisha na mara chache aliomba maji. Kasaji walilala kwa jamaa wa kanisa. Mama Godelieve aliwaambia kwamba wanakwenda kwenye msiba, na mwenyeji alipouliza msiba wa lini, aliomba aonyeshwe pa kulala.

Mjane wa Ruffin, Stéphanie, alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mvi za mapema. Aliwaona wakiingia uani akabaki amesimama pale alipokuwa, kando ya kamba ya nguo. Alileta viti kwa sababu wageni ni wageni. Wivine alisema kwa mara ya tatu. Kila mara alidhani litakuwa jepesi zaidi, na halikuwa.

Stéphanie alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamtazama wifi yake.

"Sasa umekuja kuniambia Ruffin hakuloga mutoto."

"Nimekuja," Mama Godelieve alisema.

"Mi nilijua. Yeye alijua. Alikufa anajua hakufanya kitu. Ni nyinyi hamukujua." Aliongea bila kupandisha sauti. "Alikuwa anaketi pale, ananiuliza, Stéphanie, labda mikono yangu iko na kitu? Mwaka mzima hakushika mutoto wa mutu. Hata bajukuu yake. Alikuwa anaficha mikono kwa mifuko."

Hapo ndipo Mama Godelieve alipolia, na ni kilio ambacho Wivine anasema hawezi kukieleza. Stéphanie alimwacha alie. Baadaye alichukua kitenge chake, akasema atamwonyesha kaburi. Wivine aliinuka awafuate.

"Wewe ubaki hapa," Stéphanie alimwambia.

Alibaki uani peke yake hadi jua lilipoanza kushuka. Nguo zilikuwa zimekauka kwenye kamba. Alifikiri azitoe, azikunje, kisha akaona hana ruhusa ya kugusa kitu cha nyumba ile.

Waliporudi Kolwezi, Mama Godelieve aliita ndugu wote waliokuwa wamesikia jina la mulozi, akawaambia mwenyewe kwamba alimsingizia mdogo wake. Hakumtaja Wivine. Wivine alidhani ni huruma, hadi Gradi alipomweleza: mama anasema yule binti aliharibu goti, lakini mlango aliufunga yeye, na hataki mtu amsaidie kubeba jambo hilo. Abigaël, binti wa mwisho wa Ruffin, alikuja kusoma uuguzi mjini na sasa anakaa kwa shangazi yake, Mama Godelieve. Gradi hakuacha kazi ya mizani. Akikutana na Wivine humsalimu, "Bonjour, madame," na kumpa karatasi zake.

Wivine alimwandikia daktari Xu barua ndefu, na nyingine kwa klabu. Klabu haikujibu. Daktari alijibu baada ya mwezi mmoja: alishukuru kuambiwa, akasema kila siku alijiuliza ni dalili gani aliyoikosa, na akaomba asiandikiwe tena.

Kiwandani bado ni mkalimani. Mwezi uliopita mfanyakazi mmoja alisema kwamba moshi wa tindikali unamchoma kifua, na Wivine akasema hivyohivyo, unamchoma, na alipoambiwa aulize kama si mafua tu, alisema mtu huyu hajasema mafua. Wakubwa hawampendi kama zamani. Nilimwuliza kama hilo linamfariji. Alisema angefarijika vipi, kufanya leo kazi ambayo alilipwa kuifanya tangu siku ya kwanza.

Misa ya kumkumbuka Ruffin iliombwa Kolwezi, parokia ya Musonoi, mwezi wa kumi na moja. Stéphanie alikuja. Watu waliokuwa huko walisema kanisa lilijaa, na kwamba Mama Godelieve alitembea mbele akiwa amemshika wifi yake mkono. Wivine hakualikwa. Siku ile alikuwa zamu ya asubuhi, na alipotoka kazini alipanda teksi-moto. Dereva akamwuliza wapitie wapi. Alisema wapitie Musonoi, lakini walipofika kanisani watu walikuwa wameshatawanyika, na mtunza kanisa alikuwa anafagia ngazi.